Toleo la Kawaida au Toleo Kamili: Kisa cha Diski Moja ya The Witcher 3

Mwezi Machi mwaka 2023 mpwa wangu, kijana wa miaka 23 anayetengeneza simu hapa Dar es Salaam, alinipigia simu akiwa amesimama mbele ya kaunta ya duka moja la vifaa vilivyotumika huko Kariakoo. Mbele yake kulikuwa na maboksi mawili ya gemu moja la PS4, yaani mashine ya magemu ya PlayStation 4, The Witcher 3: Wild Hunt. Boksi la kwanza lilikuwa toleo la kawaida na bei yake ilikuwa shilingi 40,000. La pili lilikuwa na maandishi ya ziada, Game of the Year Edition, na muuzaji alilitaka shilingi 75,000. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza, "Mjomba, nichukue ipi?" Nilimjibu bila kufikiri sana kwamba achukue ile ya kawaida, acheze, na akilipenda gemu atanunua baadaye zile nyongeza zake, yaani sehemu za ziada za hadithi zinazouzwa mtandaoni.

Ushauri huo nimeusikia kwa watu wengi wanaoyajua magemu kuliko mimi, na mara nyingi ni ushauri mzuri. Kwa kijana huyu haukuwa mzuri, na ulimgharimu fedha nyingi kuliko bei ya boksi lile nililomwambia aliache. Nimeamua kukichambua kisa chenyewe tangu mwanzo hadi mwisho kwa sababu swali lake ni la vijana wengi wa kwetu wanaonunua diski zilizotumika, na kwa sababu maelezo mengi yanayopatikana kuhusu swali hili yameandikwa na watu ambao duka la mtandaoni la mashine yao lipo nchini mwao, kwa fedha yao, na kwa mtandao usiohesabiwa kwa gigabaiti.

Tuanze na kilichokuwa ndani ya maboksi yale. The Witcher 3 ilitengenezwa na CD Projekt Red, kampuni ya Poland yenye makao yake Warsaw, na ilitoka tarehe 19 Mei 2015. Mchezaji ni Geralt, mwindaji wa mazimwi anayelipwa kwa kazi hiyo, na gemu la msingi pekee linaweza kumchukua mtu miezi kadhaa ikiwa hucheza jioni tu baada ya kazi. Baadaye zilitoka nyongeza mbili za kulipia. Ya kwanza, Hearts of Stone, ilitoka tarehe 13 Oktoba 2015, na watengenezaji walisema ingechukua kama saa 10. Ya pili, Blood and Wine, ilitoka tarehe 31 Mei 2016, na hiyo walisema ingechukua kama saa 20, katika nchi mpya kabisa iitwayo Toussaint ambayo haimo kwenye ramani ya gemu la msingi. Tarehe 30 Agosti 2016 vyote vitatu viliwekwa pamoja na kuuzwa kwa jina la Game of the Year Edition.

Jina hilo lenyewe ni sehemu ya tatizo. Mtu asiyejua anaweza kulisoma kama sifa tu, yaani gemu lililoshinda tuzo ya mwaka, jambo ambalo ni kweli kwa sababu The Witcher 3 ilipewa tuzo hiyo katika The Game Awards za mwaka 2015. Halimwambii mnunuzi kwamba ndani kuna nyongeza mbili. Toleo la Nintendo Switch, mashine ya kampuni nyingine, lilipotoka tarehe 15 Oktoba 2019 liliitwa Complete Edition, na jina hilo ndilo linalotumika zaidi leo, lakini kwa upande wa hadithi na misheni maboksi hayo mawili yenye majina tofauti yana kitu kilekile. Mpwa wangu alidhani kuna matoleo matatu, la kawaida, la tuzo na lililo kamili, na kwamba hili la tuzo lilikuwa katikati. Sikumsahihisha, maana hakuniuliza nami sikumwuliza analiona nini mbele yake.

Nyuma ya boksi la toleo kamili kuna ahadi nyingine inayostahili kuangaliwa kwa makini: nyongeza ndogo 16, ambazo ni mavazi, mitindo ya nywele na ndevu, misheni fupi na vitu vya namna hiyo. Nyongeza hizo zilitolewa bure kwa kila mwenye gemu kuanzia wiki ileile lilipotoka, na ya mwisho ilikuwa uwezo wa kulianza gemu upya ukiwa na nguvu na silaha ulizokwisha kuzipata. Kwa mtu mwenye mtandao wa kutosha, basi, hizo 16 si sababu ya kuongeza hata shilingi moja, kwa kuwa mwenye toleo la kawaida naye anazipata. Hata hivyo neno bure lina mipaka yake. Diski iliyochapwa Mei 2015 haina nyongeza hizo wala haina marekebisho yaliyofanywa kwa zaidi ya mwaka mzima uliofuata. Vyote hivyo inabidi vipakuliwe, na anayetumia bando la simu hulipia kila gigabaiti. Diski ya Agosti 2016 imekuja na vitu hivyo ndani yake. Hili nalo sikulipima siku ile, ingawa nilijua vizuri kwamba mpwa wangu hana intaneti ya nyumbani na kwamba mashine yake huunganishwa na simu.

Sababu zilizonifanya niseme alivyosikia zilikuwa tatu, na nazieleza kwa haki yake kwa sababu hazikuwa za kipuuzi. Ya kwanza ni kwamba hakuwahi kucheza gemu la aina hii. Alizoea mpira na mbio za magari, na gemu ambalo mtu anazungumza na wanakijiji kwa dakika kumi kabla ya kushika upanga lingeweza kumchosha siku ya pili. Ya pili ni kwamba nyongeza zote mbili zimetengenezwa kwa ajili ya mchezaji aliyekwisha kwenda mbali. Misheni zake humtaka Geralt awe amevuka kiwango cha 30 cha uwezo, na Blood and Wine inapendekeza kiwango cha 34, kwa hiyo mtu anayenunua toleo kamili leo analipia kitu ambacho pengine atakifikia baada ya miezi mitano, ikiwa atakifikia. Ya tatu ni fedha: shilingi 35,000 za tofauti kwake ni nauli ya daladala ya wiki kadhaa, na si haki kumfanya mtu atumie fedha ya namna hiyo kwa jambo ambalo hana hakika nalo.

Alinunua toleo la kawaida. Boksi lilikuwa limetunzwa vizuri, na ndani yake bado kulikuwa na ramani ya karatasi iliyokunjwa, kijitabu na stika, vitu ambavyo watengenezaji waliviweka hata katika toleo la bei ya chini lilipotoka. Ile ramani aliibandika ukutani juu ya televisheni. Nilipomtembelea mwezi wa tano niliiona ikiwa na alama za kalamu nyekundu, maana alikuwa akizungushia duara kila kijiji alichokwisha kumaliza kazi zake, na nilipotaka kujua kama gemu limemchosha alinionyesha mahali alipopotea usiku wa jana na kunieleza kwa nini hakumsaidia mtu mmoja aliyemwomba msaada njiani. Nikajua jibu la swali la kwanza limepatikana. Kijana alikuwa amelipenda.

Mwezi Agosti alimaliza hadithi kuu, na hapo ndipo sehemu ya pili ya ushauri wangu, ile ya "utanunua baadaye", ilipoanza kufanya kazi.

Tanzania haimo katika orodha ya nchi zenye duka la PlayStation la mtandaoni, na Kenya vilevile haimo. Kwa Afrika nchi iliyomo ni Afrika Kusini. Mchezaji wa hapa hufungua akaunti na kuchagua nchi nyingine, kisha hununua kadi za salio la nchi hiyo kwa watu wanaoziuza. Mpwa wangu hakuwa amefungua akaunti yake mwenyewe. Mashine aliinunua ikiwa imetumika, na aliyemuuzia alimsaidia kufungua akaunti ya Uingereza, kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Kwa hiyo alitafuta kadi ya pauni 20, akaipata kwa shilingi 72,000, akaingia dukani, akanunua nyongeza zote mbili kwa pamoja, na akatumia bando la wiki nzima kuzipakua usiku, kwa kuwa Blood and Wine peke yake inazidi gigabaiti 10.

Upakuaji ulipokwisha aliwasha gemu na kwenda kwenye mbao za matangazo vijijini, kwa sababu alikuwa amesoma kwamba wajumbe wa Toussaint humtafuta Geralt katika eneo la Velen na kwamba kazi yao hutangazwa kwenye ubao. Ubao haukuwa na kitu kipya. Orodha ya misheni haikuongezeka. Akalizima gemu akaliwasha tena, akafuta nyongeza akazipakua upya, bando likaisha, akanipigia.

Nilikwenda Jumamosi. Boksi lilikuwa juu ya spika, na nililigeuza mikononi kwa muda kabla ya kuona kilichokuwa wazi tangu siku ya kwanza: chini kabisa, kwenye kona ya mbele, kulikuwa na herufi M nyeupe na nyeusi. Hiyo ni alama ya umri ya Marekani. Diski ya Ulaya ingekuwa na namba 18 mahali hapo. Muuzaji wa Kariakoo alimwambia kwamba mzigo wote ulitoka Dubai, jambo ambalo laweza kuwa kweli, lakini diski inayouzwa Dubai inaweza kuwa imechapwa kwa ajili ya soko lolote, na hii ilikuwa imechapwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini.

Utaratibu wenyewe unahitaji kuelezwa, kwa kuwa watu wengi wameambiwa kwamba PS4 haibagui diski. Ni kweli haibagui: diski ya nchi yoyote huchezwa katika mashine ya nchi yoyote. Lakini kila gemu lina msimbo wake, kwa PS4 unaanza na herufi CUSA na kufuatiwa na tarakimu, na gemu lilelile la Marekani na la Ulaya huwa na misimbo miwili tofauti. Nyongeza huuzwa kwa msimbo. Nyongeza iliyonunuliwa katika duka la Uingereza hulitafuta gemu lenye msimbo wa Ulaya, na isipolikuta hukaa kwenye mashine bila kazi, ikiwa imelipiwa na kupakuliwa kikamilifu. Mashine haikuharibika na duka halikumdhulumu. Kosa lilikuwa letu sisi wawili: yeye hakuujua utaratibu huu, na mimi nilimpa ushauri uliotegemea utaratibu ambao sikuuangalia.

Sasa tulikuwa na hali mpya, na ndani yake kulikuwa na uamuzi mgumu kuliko ule wa dukani. Njia ya kwanza ilikuwa kutafuta diski ya kawaida yenye msimbo wa Ulaya na kubadilishana na hii kwa kuongeza kiasi kidogo; muuzaji alikuwa nayo moja na alitaka aongezewe shilingi 10,000 tu. Nyongeza zilizokwisha kulipiwa zingeitambua diski hiyo mara moja. Njia ya pili ilikuwa kununua lile toleo kamili alilokuwa ameliacha, ikiwa bado lipo, na kuuza la kwanza. Njia ya tatu ilikuwa kufungua akaunti ya pili, ya Marekani, kununua nyongeza upya kwa dola, na kuendelea na diski ileile.

Kwa hesabu ya fedha njia ya kwanza ilishinda kwa mbali, na nilimwambia hivyo. Ila njia ya kwanza na ya pili zilikuwa na gharama moja isiyoandikwa kwenye risiti. Katika PS4 mahali ulipofikia huhifadhiwa kwa msimbo wa gemu, na kwa kawaida gemu lenye msimbo mwingine halitambui hifadhi hiyo hata kama jina na picha ni vilevile. Geralt wa mpwa wangu, pamoja na miezi mitano ya maamuzi yake, angebaki kwenye ile diski ya Marekani.

Watengenezaji waliliona tatizo la watu wanaofika bila hifadhi, na waliweka njia: unapoanza gemu jipya unaweza kuchagua kucheza Hearts of Stone pekee au Blood and Wine pekee, nawe unapewa Geralt aliyekwisha andaliwa, mwenye kiwango kinachofaa na silaha zake. Nilimwonyesha chaguo hilo katika maelezo niliyoyapata nikamwambia kwamba hatapoteza misheni hata moja. Alisoma, akanyamaza, kisha akasema, "Nimekuelewa, mjomba. Lakini huyo si wangu."

Niliuchukulia mwanzoni kuwa ukaidi wa kijana. Nilipolifikiria zaidi nilikubali kwamba alikuwa amelielewa gemu kuliko mimi, kwa sababu Blood and Wine inamalizikia katika shamba la mizabibu liitwalo Corvo Bianco, ambalo Geralt hupewa na mtawala wa Toussaint, na mwishoni kabisa mgeni mmoja hufika shambani hapo. Nani anafika hutegemea mambo ambayo mchezaji aliyaamua katika gemu la msingi: nani alimpenda, na hatima gani ilimkuta msichana aliyemlea. Mtu anayeanza na Geralt wa kuazima hupata misheni zote na mandhari yote, lakini mgeni wa mwisho si jibu la maamuzi yake. Kwa aliyeandika maduara mekundu kwenye ramani ya ukutani, hiyo ni hasara halisi, na ni sawa kuihesabu.

Akachagua njia ya tatu, kwa subira ambayo mimi sikumtarajia kuwa nayo. Alifungua akaunti ya Marekani katika mashine yake na kuifanya mashine hiyo kuwa ya msingi kwa akaunti hiyo, maana PS4 huruhusu kitu kilichonunuliwa na akaunti kama hiyo kitumiwe na watumiaji wengine wa mashine ileile. Kwa hiyo nyongeza ingenunuliwa na akaunti mpya ya Marekani, diski ni ya Marekani, na yeye angeendelea kuingia kwa jina lake la zamani la Uingereza ambako hifadhi yake ipo. Kisha hakununua. Alisubiri miezi mitatu mpaka nyongeza ziliposhuka bei, akapata kadi ya dola 20 kwa shilingi 56,000, akanunua zote mbili na salio la dola chache likabaki.

Hesabu yake ya mwisho ilikuwa hivi: 40,000 za diski, 72,000 za kadi ya pauni ambayo haikumsaidia, na 56,000 za kadi ya dola, jumla shilingi 168,000, bila kuhesabu bando alilotumia kupakua mara tatu. Boksi nililomwambia aliache lilikuwa shilingi 75,000 na kila kitu kilikuwamo.

Mtu anaweza kusema kwamba kilichomponza ni ile herufi M, na kwamba kama diski na akaunti zingelingana ushauri wangu ungekuwa sahihi. Nimelipima hilo. Tuchukulie kwamba vililingana: angetumia 40,000 na 72,000, jumla 112,000, yaani shilingi 37,000 zaidi ya toleo kamili, pamoja na bando. Ningekuwa nimemwokolea 35,000 endapo tu angelichukia gemu, na hata hapo diski ya toleo kamili ingeuzika tena Kariakoo kwa bei nzuri kuliko ya kawaida. Nyongeza iliyonunuliwa mtandaoni haiuziki. Hiki ndicho nilichopaswa kukiona mapema kuliko kingine chochote: katika diski iliyotumika, fedha ya ziada unayolipa kwa toleo kamili haijapotea yote, kwa sababu unaweza kuirudisha kwa sehemu kubwa siku unapoiuza, lakini fedha ya kadi ya salio ukishaitumia imekwenda.

Kwa hiyo swali nililojiuliza, kama atalipenda au hatalipenda, lilikuwa la pili kwa umuhimu. La kwanza lilikuwa kama njia ya kuongeza baadaye iko wazi kwa mtu huyu, mahali alipo, kwa kitu anachokishika mkononi, na kama iko wazi ni kwa bei gani. Njia hiyo ikiwa rahisi, toleo la kawaida ni busara. Njia ikiwa ndefu, yenye akaunti za nchi za watu na kadi za mkononi na mtandao wa kupima, basi toleo la kawaida ni nusu ya gemu ambayo nusu yake ya pili unaweza usiipate kabisa.

Jibu hubadilika mara moja ukibadili mazingira. Rafiki yangu anayecheza kwa kompyuta kupitia Steam, duka la magemu la mtandaoni, alinishangaa nilipomsimulia, maana kwake gemu na nyongeza vyote viko katika akaunti moja na hakuna diski ya kulinganisha. Huko bei kamili ya The Witcher 3 ni dola 39.99, na Complete Edition ni dola 49.99, wakati nyongeza zikinunuliwa moja moja ni dola 9.99 na dola 19.99. Anayeanza na gemu la msingi kisha akaongeza zote mbili hulipa dola 69.97, kwa hiyo kwa bei kamili toleo kamili linashinda waziwazi. Lakini gemu hili hupunguzwa bei mara nyingi, na limewahi kushuka kwa asilimia 80. Katika punguzo kama hilo toleo kamili hugharimu chini ya dola 10 na tofauti na lile la kawaida hubaki kama dola mbili, kiasi ambacho hakistahili hata kujadiliwa. Pale uamuzi wa kweli ni lini ununue, na mwenye subira hununua toleo kamili katika punguzo na habari ikaisha.

Vilevile hali ni tofauti kwa Elden Ring, gemu jingine linalojulikana kwa ugumu wake. Gemu hilo lilitoka tarehe 25 Februari 2022 kwa dola 59.99, na nyongeza yake kubwa, Shadow of the Erdtree, ilitoka tarehe 21 Juni 2024 kwa dola 39.99, toleo linalojumuisha vyote liliuzwa dola 79.99. Kwa karatasi toleo kamili linaokoa dola 20. Ila nyongeza hiyo haifunguki mpaka mchezaji awashinde mabosi wawili, yaani maadui wakubwa, Radahn na Mohg, na hakuna njia ya kuanza moja kwa moja na mhusika aliyeandaliwa kama ilivyo katika The Witcher 3. Mgeni wa magemu magumu anaweza kucheza saa nyingi na kukata tamaa kabla ya kufika mlangoni. Kwa mtu wa namna hiyo ningerudia ule ushauri wangu wa Machi bila wasiwasi, ikiwa tu njia yake ya kuongeza iko wazi.

Na yupo anayeangalia Cyberpunk 2077, ya kampuni ileile ya Poland, akiwa na PS4. Nyongeza yake, Phantom Liberty, ilitoka tarehe 26 Septemba 2023 kwa mashine mpya zaidi za PS5 na Xbox Series na kwa kompyuta tu. Kwenye PS4 haipo. Huyo hana cha kuchagua kati ya matoleo, na akimkuta muuzaji anayemwahidi nyongeza hiyo kwa mashine yake aondoke.

Baadhi ya watu wameniambia kwamba yote haya ni makubwa mno kwa ajili ya mchezo. Siwezi kukubaliana nao. Kijana anayebana matumizi wiki nne ili anunue kitu kimoja kinachompa furaha baada ya kuinama juu ya bodi za simu siku nzima anastahili ushauri uliofikiriwa kama ule anaopewa mtu anayenunua pikipiki. Nami siku ile nilitoa jibu la sekunde tano.

Kama ningesimama naye kaunta leo ningemwomba kwanza anisomee alama ya kona ya chini, M au 18, kisha anisomee msimbo wa CUSA kwenye diski yenyewe, kwa sababu wauzaji wa vitu vilivyotumika wakati mwingine huweka diski katika boksi lisilo lake. Ningemwuliza akaunti yake ni ya nchi gani. Ningemwomba asome nyuma ya boksi la toleo kamili kama nyongeza zimo ndani ya diski au zimewekwa kama karatasi ya namba ya kupakulia, kwa kuwa namba ya kupakulia hutumika mara moja tu, na katika boksi lililotumika karibu hakika mwenyewe wa kwanza aliitumia. Tahadhari hiyo ina msingi hata kwa gemu hili: nyongeza za The Witcher 3 ziliwahi kuuzwa katika maboksi mazuri yenye karata za mchezo wa Gwent ndani yake, na kilichokuwamo kwa ajili ya mashine kilikuwa namba, hakikuwa diski. Majibu ya maswali hayo yangetuchukua dakika tatu, na baada yake ningemwambia atoe 75,000.

Alimaliza Blood and Wine mwezi wa Desemba, usiku wa Jumapili, nami nilikuwapo kwa sababu aliniita. Alipofika shambani alipunguza sauti ya televisheni ili asiwaamshe wa chumba cha pili, akaiweka padi juu ya goti, na kuacha mazungumzo yaende bila kubonyeza chochote. Mlango ukafunguka. Mgeni alikuwa Yennefer, mchawi mpenzi wa Geralt, kama alivyoniambia tangu mwezi wa sita kwamba angekuwa yeye, na mpwa wangu aliinuka, akachukua kalamu nyekundu juu ya friji, akasimama mbele ya ramani ya ukutani akitafuta mahali pa kuweka duara, mpaka akakumbuka kwamba Toussaint haimo kwenye ramani ya toleo la kawaida. Akalichora pembeni, ukutani kwenyewe.